Mluzi Mmoja, Watu Wawili

Basi letu lilisimama Mikumi ili abiria wale, na katika mgahawa nilioingia kulikuwa na televisheni juu ya friji. Vijana wawili walitaka wawekewe mpira. Mwenye mgahawa, mama mmoja mwenye sauti ya kuamrisha, aliwaambia mpira wakautazame kwao, hapa kwake leo wanatazama samaki.

Hawakuwa samaki. Walikuwa pomboo, na mtangazaji alikuwa anaeleza kwa Kiswahili kizuri kwamba kila pomboo, angali mdogo, hujitungia mlio wake mwenyewe. Mlio huo ndio jina lake. Huutoa kila mara ili wenzake wajue yuko wapi, na wenzake wakimhitaji huuiga mlio uleule, naye akiusikia huitika. Hapo chai ilinipalia. Nilikohoa hadi machozi yakanitoka, kisha nikaanza kucheka, na nikianza kucheka mimi huwa sijui kuacha.

"Pole, mama. Umepaliwa?" akaniuliza mwenye mgahawa.

"Nacheka tu, mwanangu. Haya mambo tulikuwa tunayafanya kule Masanze nikiwa mtoto, na hakuna aliyekuja na kamera."

Aliniangalia kama watu wanavyomwangalia mwanamke mzee anayesafiri peke yake, akaniongezea chai bila kuulizwa. Sikumlaumu. Ningekuwa na muda ningemweleza yote, lakini dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi. Kwa hiyo nayaandika hapa.

Bahari nimeiona mara mbili tu maishani, na mara zote mbili nilikaa mbali nayo. Sisi ni watu wa mpunga. Kabla ya vijiji vya ujamaa tuliishi kila familia kwenye shamba lake, nyumba moja hapa, nyingine kule ng'ambo ya bonde, na mtu akitaka kuomba chumvi kwa jirani ilimbidi kwanza aamue kama kweli anaihitaji. Mpunga ulipoanza kubeba, watoto na wazee tulihamia dunguni. Dungu ni jukwaa la miti lenye ngazi na paa la nyasi, limesimamishwa katikati ya shamba, na kazi yako ukiwa juu yake ni kuamia, yaani kuwafukuza kweleakwelea wasile mpunga kabla ya wenyewe. Wale ndege wana adabu mbaya sana. Hawaji mmoja mmoja kama wageni wa kawaida, wanakuja kama wingu, na ukipiga miayo mara mbili wamekwisha kuvuna robo ya jaruba.

Mimi niliamia na bibi, mama yake mama yangu. Silaha zetu zilikuwa debe bovu, teo la kurushia madongo, na mluzi.

Hapa lazima nieleze vizuri, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Bonde letu lilikuwa na madungu kama tisa, na mpunga ukirefuka huoni dungu la jirani, unaona paa tu. Basi kila mtu aliyekaa dunguni alikuwa na mluzi wake. Jua likichomoza, mtu wa dungu la juu kabisa, karibu na kilima, alipiga wake. Maana yake ni, niko, niko macho. Wa pili akapiga wake, wa tatu wake, mzunguko ukashuka hivyo hadi dungu la mwisho kando ya mto, kisha ukaanza tena juu. Ukikatika mahali, basi mtu wa dungu hilo ama amelala ama amepatwa na jambo, na jirani alishuka kwenda kumtazama. Na ukitaka mtu aje kwako, ulipiga mluzi wake yeye. Kuupiga mluzi wa mtu bila haja lilikuwa kosa. Wavulana waliofanya hivyo kwa utani walichapwa, na waliowachapa walifanya hivyo kwa moyo mkunjufu.

Nyumbani mwanamke hakupiga mluzi. Ungesikia mara moja kwamba unaita nyoka, au kwamba hutapata mume, na sijui lipi lilionekana baya zaidi. Lakini bibi yangu alikuwa na sheria yake. "Dunguni hakuna mwanamke wala mwanamume," alisema. "Kuna mlinzi." Naye alipiga mluzi wake mrefu kupitia pengo la meno ya mbele, ukasikika hadi kilimani.

Mluzi hukupewa na mtu. Jina ulipewa na baba, au shangazi, au marehemu fulani aliyekuja kwenye ndoto ya mtu. Lakini mluzi uliutafuta mwenyewe. Ulikaa juu siku nyingi ukijaribu huu na ule, wenzako wakicheka, hadi siku moja ukatoka mmoja ambao mdomo wako uliukubali.

Kwangu jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko kwa mtoto mwingine yeyote bondeni, kwa sababu mimi nilikuwa na kigugumizi. Si kile kigugumizi kidogo cha mtu mwenye haya. Changu kilikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Maneno mengine niliweza kuyapitia pembeni, nikichagua lingine lililo rahisi. Lakini jina langu halikuwa na pembeni. Mwalimu alipoita majina asubuhi shuleni, tuliitika kwa kusimama na kutaja jina letu kamili, na mimi nilisimama, nikafungua mdomo, na herufi ya kwanza ikakaa pale pale kama mbuzi aliyegoma kuvuka mto. Darasa zima lilijua namna ya kucheka kimyakimya. Kile kitendawili cha kitu kilicho chako lakini wenzako hukitumia kuliko wewe kilinihusu mimi kuliko mtu yeyote. Jina langu walilitumia wote. Mimi tu ndiye sikuliweza.

Walijaribu kunitibu. Shangazi alininywesha maji kwenye kengele ya mbuzi siku saba mfululizo, na matokeo yake hadi leo siwezi kusikia harufu ya mbuzi nikiwa na njaa. Mjomba alipendekeza nishtuliwe ghafla, akajificha nyuma ya ghala na kunirukia. Nilipiga kelele nzuri sana, isiyo na kigugumizi hata kidogo, lakini haikuwa neno.

Na amri ya shikamoo ndiyo iliyonimaliza. Kwetu mtoto akimpita mtu mzima bila kumwamkia, habari hufika nyumbani kabla yake. Mimi niliamkia. Nilipiga magoti kidogo, nikainamisha kichwa, nikaanza, "Shhh..." na hapo ndipo nilipokwama. Sasa hebu fikiria wewe ni mzee wa heshima, unapita na bakora yako, mtoto anapiga magoti mbele yako halafu anakufukuza kama kuku. Waliotufahamu walicheka, wakaitika marahaba haraka ili wanisaidie kumaliza. Walifanya hivyo kwa wema, najua. Lakini nilichukia. Hakuna aliyewahi kulisikia lile neno likifika mwisho.

Mluzi wangu ulinijia nikiwa na miaka tisa, asubuhi moja ya umande. Sauti tatu zilizopanda na moja iliyoshuka, kama mtu anayepanda ngazi ya dungu halafu akakaa kitako. Ulitoka wote kwa mara moja. Nilishtuka, nikaupiga tena, ukatoka tena. Haukugoma popote. Bibi aliacha kusuka teo, akaniangalia.

"Huo," akasema. "Huo ndio wewe."

Mzunguko uliofuata niliingia na mluzi wangu, na dungu la jirani likapokea kama vile nimekuwa pale siku zote. Nilifurahi hadi nikatapika uji. Naapa, nilitapika. Msimu ule wote niliupiga hata pasipohitajika, nikiwa kisimani, nikiwa chooni, hadi bibi akaniambia watu wa bondeni wameshaelewa kwamba nipo. Televisheni ya Mikumi ilisema pomboo hutaja mlio wake tena na tena siku nzima. Nawaelewa kabisa.

Kisha ukaja ujamaa. Tulihamishwa kutoka mashambani kwetu tukakusanywa kwenye kijiji kimoja kikubwa chenye nyumba zilizopangwa kwa mstari. Wapo wazee waliolalamika, na walikuwa na sababu zao, kwani kuiacha nyumba uliyoijenga si jambo la kuimbiwa. Ila mimi nilikuwa mtoto na nilipapenda. Ghafla nilikuwa na majirani kulia na kushoto, kulikuwa na ngoma karibu kila wiki, na chumvi iliombwa kupitia dirishani. Walikuja watu wa sehemu nyingi, wengine wa mabondeni kama sisi, wengine waliokuwa wameacha kazi za mashamba ya katani, wengine wa njia ya reli.

Kijiji kilikuwa na shamba la pamoja, mpunga mtupu, na pembezoni na katikati yake tulijenga madungu sita. Kamati ilipanga zamu, na miluzi ikafuata kanuni zilezile za bondeni kwetu. Bibi na mimi tulipewa dungu la pili. Asubuhi ya kwanza nilipanda na furaha zangu zote, wa dungu la kwanza akapiga, nami nikapiga: ngazi tatu, kisha kitako.

Kabla wa tatu hajapokea, kutoka dungu la mwisho, kando ya mto, ukaja mluzi wangu.

Mtu akipiga mluzi wako, anakuita. Hilo lilikuwa damuni. Nilishuka ngazi mbio, nikakimbia juu ya tuta la maji. Katikati ya shamba nikakutana uso kwa uso na mzee mwembamba mwenye kofia ya zamani ya reli, naye anahema, kwa sababu alikuwa anakimbia kuja kwangu.

"Umeniitia nini?" akaniuliza.

Mimi ndiye niliyeitwa. Lakini kwanza lazima niamkie. Nikapiga magoti. "Shhh..." nikaanza.

"Unaninyamazisha mimi?" akasema yule mzee.

Nikatikisa kichwa, nikajaribu tena, ikatoka ndefu zaidi. Alinitazama kwa hasira, akageuka, akarudi zake. Nami nikarudi. Nilipofika dunguni bibi alikuwa anarusha madongo peke yake huku na kule, na kweleakwelea walikuwa wameshuka kwenye majaruba mawili yaliyokuwa hayana mtu.

Siku hiyohiyo ilitokea mara mbili zaidi. Nilipiga wangu kwa zamu yangu, yeye akadhani anaitwa, akashuka. Yeye akapiga wake kwa zamu yake, mimi nikashuka. Ungetuona ungesema ni watu wawili wanaocheza mchezo, mmoja ana miaka kumi na moja na mwingine ana wajukuu, wanakimbiliana katikati ya mpunga, wanakasirikiana, wanarudi. Ndege walishangilia.

Jioni kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilicheka isipokuwa sisi wawili na mwenyekiti wa kijiji, ambaye aliona kona ya mpunga iliyobaki mabua. Yule mzee alikuwa amestaafu kazi ya reli huko Kidete. Katika genge lao la kutengeneza njia, pale reli inapobanana na mto Mkondoa, yeye ndiye aliyesimama mbele kuangalia treni. Alipoiona alipiga mluzi ule, ngazi tatu na kitako, na wenzake wakaruka kando na sururu zao. Aliupiga hivyo miaka mingi, hadi ukawa ndio jina lake gengeni, na hakuna mwenzake aliyewahi kukanyagwa na treni. Wewe hebu jaribu kushindana na hadithi kama hiyo. Mimi mluzi wangu ulikuwa umewaokoa nani? Punje za mpunga.

Watu wakaanza kunishauri. Mwachie mzee, walisema, wewe ni mtoto, utapata mwingine. Ni mluzi tu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajaribu kutafuta mwingine. Nilijaribu mifupi na mirefu, ya kupanda na ya kushuka. Ilitoka, lakini ilikuwa sauti tu, kama kuvaa viatu vya mtu. Nililia sana. Bibi alinikuta, akakaa kando yangu. Nilitarajia aniambie atanisemea kwenye kamati, kwa kuwa siku zote yeye ndiye aliyenisemea, dukani, zahanati, hata kwa mwalimu.

"Jambo limepelekwa mkutanoni," akasema. "Utakwenda kusema mwenyewe."

Nilimwonyesha mdomo wangu kwa kidole.

"Naujua," akasema. "Ndio huohuo utakaokwenda nao."

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala jipya la kijiji, mabati bado yanang'aa. Ajenda ya kwanza ilikuwa pampu ya maji, ya pili mbegu, ya tatu mtu aliyeruhusu mbuzi wake kuhudhuria darasa la watu wazima. Ya nne, katibu alisoma bila kucheka, na hadi leo namheshimu kwa hilo: "Suala la mluzi."

Mzee wa reli alisimama kwanza. Alikuwa msemaji mzuri, wa kunyoosha maneno kama njia yake ya treni. Alieleza genge, alieleza mto unavyokula tuta wakati wa masika, alieleza treni inavyotokea kwenye kona bila kubisha hodi. Akasema yeye hana ugomvi na mtoto, ingawa mtoto mwenyewe hana adabu, kwani kila akikutana naye anamnyamazisha. Watu wa bonde letu walicheka, kwa kuwa walijua. Yeye akadhani wanacheka kwa kumuunga mkono, akakaa ameridhika.

"Upande wa pili," akasema mwenyekiti.

Nilisimama. Katibu akashika kalamu, akaniambia kwa upole, "Taja jina lako kwanza, kwa ajili ya muhtasari."

Katika maswali yote duniani, alichagua hilo.

Nilifungua mdomo. Herufi ya kwanza ikaja, ikakaa. Nilisukuma. Watoto wenzangu nyuma wakaanza kile kicheko chao cha darasani, kisha wakanyamazishwa. Nilimwona bibi. Alikuwa ameshika khanga yake kwa mikono miwili na hakunisemea. Nilimchukia kwa muda huo, nasema kweli. Nilimwona na mzee wa reli, amekunja uso, ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza chuma cha reli kama kinatetemeka.

Na hasira ikanipanda. Mimi hasira zangu ziko karibu, mume wangu marehemu alikuwa akisema ziko juu ya ngozi. Niliwaza, hawa watu wananiuliza mimi ni nani, na mimi nalijua jibu lake vizuri kuliko wote. Nikaiacha ile herufi pale ilipokaa. Nikakaza midomo nikapiga mluzi wangu, kwa nguvu zangu zote, ndani ya ghala la mabati.

Ulilia kama treni. Katibu aliangusha kalamu.

Kisha kikatokea kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Watu wa dunguni wamezoea, mluzi ukipigwa mzunguko umeanza. Kutoka pembeni, mama mmoja wa dungu la tatu akapiga wake, nadhani hata hakujua anafanya nini. Wa nne akapokea. Wa tano akapokea. Mwenyekiti akanyanyua mkono kuzuia, kisha akaushusha. Mzunguko ukafika dungu la sita, ukakatika.

Mzee wa reli hakupiga.

Watu wote wakageuka kumtazama, kwa sababu mzunguko ukikatika lazima mtu aende kuangalia kuna nini. Alikuwa amekaa, kofia yake mapajani. Akasimama polepole.

"Binti," akaniuliza, "ile siku shambani. Ulikuwa unaniamkia?"

Nilikubali kwa kichwa.

"Mara zote tatu?"

Nikakubali tena.

Alivaa kofia yake. "Ndugu mwenyekiti," akasema, "mimi jina langu naweza kulitaja. Nimelitaja hapa leo mara mbili na hakuna aliyenisubiri. Huyu mtoto analo hili moja tu. Mwandike ni lake."

Mwenyekiti akamkumbusha habari za genge na treni, kwamba mluzi ule una heshima yake.

"Treni ilikwisha pita," akasema mzee. Akakaa.

Katibu akaokota kalamu. Aliandika kitu kirefu, na baadaye nilisikia alisumbuka sana usiku huo jinsi ya kuuandika mluzi wenyewe, akaishia kuchora vistari vitatu vinavyopanda na kimoja kinachoshuka. Watu wakapiga makofi, wengine wakacheka, bibi akalia kwa sauti kama yuko msibani, na ajenda ya tano, kuhusu choo cha shule, haikujadiliwa hadi mkutano uliofuata.

Nimelifikiria hilo jambo tangu Mikumi. Mtangazaji alitaja mengi yanayotufananisha na pomboo. Nao wanaitana kwa majina, nao wanapiga soga, nao mama na mtoto wakipotezana huitana hadi wakutane. Tofauti alizozitaja zilikuwa za mwili, kwamba wao hawana midomo ya kupigia mluzi kama sisi, sauti yao hutoka karibu na tundu la pua juu ya kichwa, na maji huibeba mbali. Sawa. Lakini sikumsikia akisema kwamba kuna pomboo aliyewahi kumwachia mwenzake mlio aliouishi maisha yake yote, kwa sababu mwenzake hakuwa na mwingine. Labda wapo. Mimi namjua binadamu mmoja aliyefanya hivyo.

Siku tatu mzee alikaa dungu la sita bila mluzi, akipiga debe tu zamu yake ilipofika. Siku ya nne akaja na mpya. Mungu amrehemu, ulikuwa mbaya. Meno ya mbele alikuwa amebakiwa na mawili, na bila ule wa zamani uliozoea midomo yake, upepo ulimtoka pande zote. Ulianza kama ndege na kuishia kama birika linalochemka. Mzunguko ulipofika kwake, shamba zima lilicheka, na yeye tulimsikia akicheka pia kule kando ya mto. Bibi alisema hata kweleakwelea walikuwa wanaukimbia kwa aibu. Ikawa kila asubuhi tunausubiri, na asubuhi isiyo na birika la mzee ilionekana haijaanza.

Wiki hiyohiyo, jua likiwa limepanda kidogo, nikasikia mluzi wangu kutoka dungu la sita. Ngazi tatu, kisha kitako, safi kama zamani, midomo ilikuwa bado inaujua. Bibi akaniangalia.

"Unaitwa," akasema.

Nilishuka, nikakimbia juu ya tuta, nikapita katikati ya shamba tulipokuwa tukigongana, na safari hii hakuna aliyekuja kunikabili. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa dungu lake, miguu inaning'inia.

"Hakuna shida yoyote," akasema kabla sijauliza. "Miaka yote nilipiga ule mluzi kujitaja mimi. Nilitaka kujua ukipigwa kumwita mtu mwingine unakuwaje." Akafikiri kidogo. "Unafika. Umekuja."

Nikapiga magoti kumwamkia. Shhh, nikaanza, ikakwama palepale ilipozoea kukwama. Nikangoja aniitikie haraka anisaidie, kama wote. Hakuitikia. Nyuma yangu niliwasikia kweleakwelea wakishuka kwenye kona ya jaruba lake, mbawa zao zikivuma, naye aliwaona, kwa kuwa walikuwa mbele ya macho yake, lakini hakunyanyua teo wala hakugusa debe. Alikaa tu na kichwa chake upande mmoja, akinisikiliza, na nikaliendea lile neno kidogo kidogo, shi, ka, ka, mo, hadi nikafika mwisho wake, peke yangu, mara ya kwanza maishani.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. Kisha tukawafukuza ndege.